Lubumbashi: nyumba ya zamani, rangi mpya, nani ana neno la mwisho?

Mvua zikikatika, mji wa Lubumbashi unaanza kunuka rangi. Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, na katika kampi za zamani za Gécamines na za reli, ngazi zinaegemezwa ukutani, ndoo zinapangwa kwenye barza, na watoto wanakatazwa kugusa milango. Kutoka mwezi wa tano hadi wa tisa kuta zimekauka, mafundi wanapatikana, na yeyote aliyepata feza kidogo anataka kazi iishe kabla mawingu hayajarudi.

Kwa mpita njia, jambo hilo ni dogo: mtu anachagua rangi, analipa, anapaka. Wakaaji wa nyumba za zamani wanajua kwamba ndoo moja ya rangi inaweza kuamsha maneno yaliyolala miaka ishirini. Nyumba hizo zina wenyewe wengi, na ndani ya kuta zake mna vitu ambavyo fundi wa leo hakuviweka.

Nyumba zilizotoka mikononi mwa kampuni

Mji huu ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na mwaka uliofuata tanuru za Union Minière zikatoa shaba ya kwanza. Mwanzoni wafanyakazi walikaa muda mfupi, kisha wakarudi kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mpango wake: ilitaka mfanyakazi aje na mke, azae, na abaki. Ndipo kampi zikajengwa kwa matofali ya kuchoma, nyumba zikapangwa kwa mistari, zote zikifanana. Udongo wa vichuguu, ambao Katanga inao tele, ulitoa matofali magumu ambayo hata leo yanashangaza mafundi wanaojaribu kuyatoboa.

Kampuni ilitoa nyumba, posho, hospitali na shule. Ilikuwa pia na macho: wakaguzi walipita kuangalia usafi wa kila lupango. Watu wa kampi walikuwa wakisema kwamba kampuni njo baba, njo mama. Na kama baba wa nyumba, ndiyo iliyochagua rangi.

Kwa hiyo wazee wengi wa Lubumbashi wakikumbuka nyumba ya utoto wao wanaona picha moja: chokaa nyeupe juu, rangi ya mafuta yenye giza chini mpaka kimo cha kiuno, sakafu ya simenti nyekundu iliyosuguliwa kwa sire, madirisha ya chuma. Mpango huo ulikuwa na maana yake. Udongo wa hapa ni mwekundu. Mvua ya kwanza ikipiga chini, matope yanaruka na kuchora mstari kwenye ukuta. Ndani ya nyumba, mikono ya watoto inafanya kazi ileile. Rangi ya mafuta inafutika kwa kitambaa na sabuni. Chokaa ya juu, iliyotoka kwenye mawe kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi, ilipakwa upya bila gharama kubwa.

Juu ya kuta hizo watu waliweka vyao. Katika miaka ya 1970 saloni ya mfanyakazi ilikuwa na picha ya kuchorwa, mara nyingi kwenye kitambaa cha mfuko wa unga: mamba muntu na nywele zake ndefu, au askari na wafungwa wa wakati wa Wabelgiji. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1947, aliuza kazi zake kwa familia za namna hiyo kabla wasomi na mamuzeo hawajazitafuta. Picha yenye rangi kali inahitaji ukuta mtulivu nyuma yake, na wamama wa kampi walilijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Dola 1,200 na picha kumi na mbili

Katika kampi mojawapo anakaa mama mwenye umri wa miaka 71. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines na aliondoka mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ambao uliwatoa kazini watu zaidi ya 10,000 katika miji ya Katanga. Nyumba ilibaki kwao. Mzee alifariki miaka sita baadaye. Sasa mama anaishi na binti yake wa mwisho pamoja na mjukuu wa miaka miwili, ambaye ametoka tu kujifunza kukimbia.

Mwezi wa sita, mtoto wake wa kwanza, anayefanya kazi katika mgodi upande wa Kolwezi, alituma dola 1,200 na picha kumi na mbili kwenye simu. Zilionyesha saloni za kijivu na nyeupe, karo kubwa zinazong'aa chini, dari ya plastiki yenye taa ndogondogo, na ukuta wa mbele uliobandikwa mawe. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mama, tutosheni bile byote bya kampi. Bantu baone kama hii nyumba iko na batoto."

Sentensi hiyo ya mwisho inaeleza mengi juu ya rangi katika Lubumbashi. Ukuta wa mbele unasomwa na jirani. Ukichubuka, watu hawasemi kwamba rangi imezeeka. Wanasema kwamba mama huyu watoto wake wamemsahau. Kijana wa Kolwezi hakuwa anatafuta fasheni. Alikuwa anajibu maneno ya watu ambao pengine hawakuwa wameyasema bado.

Mama hakukataa feza. Alikataa kijivu. "Hii rangi ya majivu mi siitaki mu nyumba yangu. Ile kijani, baba yenu alichagula yeye mwenyewe."

Watoto hawakuwa wanajua habari hiyo. Kwao, kijani cha saloni na cha barza kilikuwa rangi ya kampi tu, kama namba iliyoandikwa juu ya mlango. Mama akaeleza kwamba baba yao, alipopokea feza za kuondoka kazini, alilipa kwanza madeni, akalipa shule, akanunua mashine ya kusaga ambayo haikudumu. Kisha akanunua madebe mawili ya kijani, akapanda ngazi mwenyewe akiwa na zaidi ya miaka hamsini. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, hakuna shefu aliyemwambia nyumba yake iwe rangi gani. Feza zote nyingine zilikwisha. Kilichobaki machoni ni ile kijani.

Hapo neno likawa zito. Binti wa pili, anayekaa Kamalondo, naye aliona jambo lingine ndani ya picha za yaya wake. Nyumba yenye karo na dari ya plastiki ni nyumba ya kupangisha. Anayelipa rangi leo, aliuliza, kesho hatasema kwamba nyumba ni yake? Kaka yao mwingine aliye upande wa Zambia alipiga simu kuuliza swali hilohilo kwa maneno ya adabu zaidi. Ndoo zilikuwa bado hazijanunuliwa, na tayari familia ilikuwa inazungumza juu ya urithi.

Kilichotoka chini ya brashi ya chuma

Fundi alianza siku ya kwanza ya juma. Kama mafundi wengi, alianza kukwangua: brashi ya chuma, msasa mkavu, vumbi mpaka kwenye sufuria. Chini ya kijani ikatoka kijivu. Si tabaka moja, mbili. Chini ya kijivu, chokaa. Kwenye vyuma vya madirisha, chini kabisa, ikatoka rangi ya chungwa inayowaka.

Mama alitazama kipande cha ukuta kilichodondoka, akacheka mpaka akakaa chini. Kijivu njo ilikuwa rangi ya kampuni. "Basi yaya wenu njo anataka kuturudisha mu kampi," akasema. Binti alipiga picha ya kipande hicho, akaituma Kolwezi. Jibu lilichelewa mpaka usiku.

Lakini jirani mmoja, mama muuguzi aliyestaafu, alipopita barzani hakucheka. Alimtafuta mtoto kwa macho, akamwona amekaa chini karibu na dirisha, vidole mdomoni. Akamwomba fundi asimamishe kazi.

Muuguzi alikuwa na haki. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitengenezwa na risasi, ile inayoitwa plomb kwa Kifaransa. Ile ya chungwa ya kuzuia kutu kwenye vyuma, miniumu, ni oksidi ya risasi yenyewe. Hatari hiyo haikuanza kujulikana jana: tangu mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kukataza rangi nyeupe ya risasi katika kazi za ndani ya majengo. Hata hivyo rangi za risasi ziliendelea kuuzwa katika nchi nyingi kwa miaka mingi sana. Leo Umoja wa Mataifa unashauri nchi ziweke kikomo cha sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi ndani ya damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Risasi inagusa ubongo unaokua. Haionyeshi alama ya haraka: mtoto anaendelea kucheza, kisha anachelewa kusoma, na hakuna anayekumbuka siku ya msasa.

Lubumbashi ina sababu ya pili ya kuwa na uangalifu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini vya Katanga wana kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wao. Vumbi la mji peke yake lina mzigo wake. Nyumba haipaswi kuongeza wake juu yake.

Dawa ya jambo hili si kuogopa rangi ya zamani. Ikiwa imeshika vizuri, ikaoshwa na kufunikwa kwa rangi mpya, inakaa kimya. Hatari ni vumbi na moshi. Kwa hiyo fundi alibadilisha namna ya kufanya kazi. Aliloanisha ukuta kwanza, akakwangua tu pale palipoachia, akatandika plastiki chini. Hakuchoma rangi kwa moto. Jioni sakafu ilipigwa kitambaa chenye maji, haikufagiliwa kavu. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake. Binti na mtoto walilala Kamalondo kwa dada kwa muda wa siku tisa, na kulala huko kulifanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyeipanga: dada wawili walizungumza.

Onyo hilohilo linafaa kwa dari na mabati ya zamani ya simenti ngumu, yale ambayo wengi wanayaita eterniti. Mengi ya enzi ile yana amianti ndani. Yakiwa mazima, yaachwe. Yasikatwe kwa msumeno, yasitobolewe, yasipigwe brashi kavu. Anayetaka dari mpya aifunge chini yake bila kuyavunja.

Ukuta una maji, rangi haina kosa

Kazi ilipofika nje, lilitokea jambo lililowanyima wote wawili ushindi, mama na mwanawe. Kijani cha barza kilikuwa kimevimba na kuchanika kuanzia chini mpaka kimo cha goti. Mama alidhani ni uzee. Fundi aligonga, akasikia ukuta unalia mtupu. Alipochimba kidogo pembeni, aliona kwamba udongo wa lupango ulikuwa umepanda miaka yote hiyo mpaka ukafunika msingi, na maji ya paa yalikuwa yanaanguka hapohapo.

Nyumba nyingi za zamani hazina kizuizi cha unyevu chini ya ukuta. Maji yanapanda ndani ya matofali kama mafuta yanavyopanda katika utambi. Chokaa inaacha unyevu utoke. Rangi ya mafuta inaufunga ndani, nao unatafuta njia, unavimbisha rangi na kuibandua. Mawe ya kubandika kama yale ya picha za Kolwezi yangefanya vilevile, ila yangeficha ugonjwa kwa miaka mitatu minne, kisha yangeanguka na lipu yake.

Kwa hiyo feza za kwanza hazikununua rangi. Zilinunua koleo, mchanga, na mfereji wa simenti wa kupeleka maji mbali. Udongo ulishushwa. Lipu iliyokufa ilitolewa, mpya ikapigwa, na fundi akasema ingoje wiki nne kabla ya kupakwa chochote. Lipu mbichi ina ukali wa simenti. Rangi ya mafuta ikiwekwa juu yake mapema inageuka kama sabuni, inanata na haikauki. Kijana wa Kolwezi alilalamika kwamba siku zinapita bila kuonekana kitu. Ni kweli. Katika nyumba ya zamani, sehemu kubwa ya kazi nzuri haionekani.

Kwa wenye nyumba za matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, zile ambazo mjini kati na katika mitaa ya zamani zinaonyesha matofali yao wazi, mafundi wazee wana ushauri mmoja: kuyaosha na kujaza viungo vyake kunatosha. Tofali likishapakwa rangi halirudi kuwa tofali. Rangi itadai kupakwa tena kila baada ya miaka michache, na nyumba iliyokuwa haina deni inapata deni.

Sheria inasema nini

Kabla ya kuchagua rangi ya mwisho, familia ilikutana siku ya Mungu mchana, mmoja akiwa kwenye simu. Muuguzi alimleta shemeji yake anayefahamu mambo ya sheria. Alifungua Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, akaeleza kwa utulivu. Watoto ni warithi wa kwanza wa baba yao. Lakini mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake na kutumia vyombo vyake. Kupaka rangi, kuweka karo au kutengeneza mfereji hakumpi mtoto yeyote sehemu kubwa zaidi ya nyumba. Ikiwa mtoto anataka feza zake zihesabiwe siku moja, waandike karatasi sasa, wote watie sahihi, na waseme ni mkopo au ni zawadi.

Kimya kikawa kirefu kwenye simu. Kisha sauti ya Kolwezi ikasema: "Ni zawadi, Mama. Muandike vile."

Ikaandikwa. Binti wa Kamalondo ndiye aliyeshika kalamu. Baada ya hapo maneno juu ya rangi yakarudi kuwa maneno juu ya rangi, na watu wakaanza kusikilizana.

Walichochagua, na kwa nini

Saloni ina madirisha mawili madogo, na umeme wa jioni hauna uhakika. Kijivu kingeifanya pango. Kijani cha mzee kikipakwa ukuta mzima kingefanya hivyohivyo. Walipaka krimu nyepesi ya rangi ya maji juu, isiyong'aa, kwa sababu mng'ao kwenye ukuta wa zamani unaonyesha kila kovu. Chini, mpaka kimo cha kiuno, wakaweka kijani, rangi ya mafuta yenye mng'ao wa kiasi inayovumilia sabuni. Ukuta huo ni wa ndani, umekauka, hauna ugonjwa wa barza.

Kijani hakikuchaguliwa kwenye karatasi ya duka. Binti alichukua kipande kikavu cha ukuta, akakifunga ndani ya mfuko, akaenda nacho. Hata hivyo walinunua kwanza debe dogo, wakapaka miraba mitatu kwenye kuta tofauti, wakaiangalia asubuhi, saa sita na usiku chini ya taa. Ule uliokuwa mzuri dukani ulionekana wa hospitali nyumbani. Walichukua wenye njano kidogo ndani yake.

Sakafu ilibishaniwa zaidi. Kijana alitaka karo zinazong'aa. Mama ana magoti mabaya, na karo inayong'aa ikimwagikiwa maji ni barafu. Tena simenti iliyokula sire kwa miaka mingi haishiki gundi ya karo bila kutobolewatobolewa yote, na hiyo ni feza. Waliosha sakafu, wakaziba nyufa, wakarudisha nyekundu na sire mpya. Karo zilikwenda jikoni na bafuni tu, za kukwaruza kidogo, zisizoteleza. Picha moja kati ya zile kumi na mbili ikawa imetimizwa, na kijana alikubali.

Barza ilipakwa rangi ya maji inayopumua, krimu, na sehemu ya chini ikawa ya rangi ya udongo. Matope ya mvua yatakapoipiga hayataonekana. Dari ya plastiki iliahirishwa. Taa ndogondogo zikawa taa mbili nzuri.

Juu ya kiasi cha rangi, fundi na familia walipima badala ya kubahatisha. Saloni ni mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.7. Kuta nne ni mita za mraba karibu 40. Ukitoa mlango na madirisha, 35. Mikono miwili ni 70. Litre moja inafunika mita za mraba karibu 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo litre saba, na moja zaidi kwa sababu ukuta wa zamani unakunywa. Ndoo ya litre 20 kwa chumba kimoja ingekuwa feza zilizolala.

Kwa anayejitayarisha

Mafundi wa hapa wanajua pia majira yao. Mwezi wa sita na wa saba usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10; rangi ya nje inapakwa kuanzia saa nne asubuhi, ukuta ukishaota jua, na inaachwa kabla ya jua kuinama. Mwezi wa nane na wa tisa upepo unaleta vumbi na majivu ya majani yaliyochomwa, nayo yanabandika kwenye rangi ya mafuta mbichi. Rangi ya ndani haina shida hiyo, mradi madirisha yafunguliwe kwa wanaopumua. Na kwa kuwa madebe mengi yanapita Kasumbalesa na kukaa muda mrefu kwenye jua, ni vizuri kuyafungua dukani, kuangalia kama rangi haijaganda, na kununua ya chumba kimoja yote siku moja, yenye namba moja ya kutengenezwa. Madebe mawili ya jina moja yanaweza kukausha rangi mbili.

Kwa mwenye kupaka nyumba ya wazazi, mambo matatu yanakuja kabla ya brashi: kuuliza rangi iliyoko iliwekwa na nani na kwa nini, kuwatoa watoto na wamama wenye mimba kabla ya kukwangua, na kuandika feza ni za nani. Kazi ya dukani inakuja nyuma.

Kwenye ile nyumba ya kampi, feza zilikwisha kabla ya mlango wa lupango. Chuma chake bado kina miniumu chini ya kutu, na fundi amekataa kukipiga msasa wakati mtoto amerudi. Utangoja kiangazi kijacho. Mama amesema yeye hana haraka. Amekwisha kuchagua rangi yake, na safari hii hakutaka kuwaambia watoto ni ipi.